Majira ya mwaka yanatoka wapi: mwongozo wa kupima kwa kivuli ukiwa Dodoma

Mwanafunzi wa Dodoma akisema kwamba joto huja Dunia inapolikaribia Jua na baridi huja inapojitenga nalo, usimcheke. Kalenda ya hapa inamuunga mkono. Dunia huwa karibu kabisa na Jua tarehe 3 au 4 Januari, kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali kabisa karibu na tarehe 4 Julai, kilomita milioni 152. Na Julai ndipo watu wa Area C na Nkuhungu wanapotoa masweta kabatini, kwa sababu usiku huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14. Jua mbali, baridi, hesabu imekaa.

Haijakaa. Julai hiyohiyo London ni kiangazi, na Dunia tunayoikanyaga ni moja. Lakini habari za London ni za kusikia tu. Mtu wa Dodoma anahitaji ushahidi wa kuuona uani kwake, na ushahidi huo ni kivuli cha mchana. Umbali unaweza kuongeza ukali wa Jua au kuupunguza. Hauwezi kukitoa kivuli upande wa kusini wa nguzo na kukihamishia kaskazini. Mwinamo wa mhimili wa Dunia, yaani mstari ambao Dunia hujizungusha juu yake, unaweza, na hapa Dodoma unafanya hivyo kila mwaka.

Kazi nzima inahitaji mwaka mmoja, ila ni dakika kumi tu kwa wiki. Asiye na subira atapata sehemu kubwa ya jibu kwa kupima kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba.

Kusimika nguzo

Tafuta eneo la mita 2 kwa mita 2 lisilofikiwa na kivuli cha mti wala ukuta kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Sakafu ya saruji ndiyo bora. Udongo mtupu unafaa mwezi mmoja tu, kisha mvua au kuku wanauharibu. Weka pimamaji pande zote mbili: sakafu ikiinama nyuzi 1 tu, vipimo vya kivuli vitakosea, na kosa hilo hulioni kwa macho.

Nguzo iwe bomba la chuma la nusu inchi lenye urefu wa mita 1.3, sentimita 30 zikiwa chini kwenye zege na mita 1 kamili juu ya sakafu. Mti mnyoofu mkavu nao unafaa, ingawa mti mbichi hupinda ukikauka. Kabla zege halijashika, inyooshe kwa timazi. Nati iliyofungwa kwenye uzi inatosha. Angalia kwa upande wa kusini, halafu kwa upande wa mashariki, maana nguzo huweza kuwa wima ukiitazama upande mmoja na kulala upande mwingine.

Sasa tafuta kaskazini ya kweli kabla hujaweka kitu kingine chochote. Usitegemee dira ya simu karibu na bomba na nondo, chuma huivuruga. Saa 5 asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli. Funga uzi kwenye shina la nguzo, uvute hadi kwenye alama, chora duara kwa chaki. Kivuli kitafupika, kitageuka, kisha kitarefuka tena. Kwenye saa 8 na robo mchana ncha itaugusa mstari wa duara upande wa pili. Weka alama ya pili hapo. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni wa mashariki na magharibi. Gawa mstari huo katikati, toa mstari kutoka kwenye shina la nguzo kupitia katikati hiyo, nao ndio kaskazini-kusini. Uchore kwa rangi ya mafuta, si chaki.

Utaona kwamba ncha ya kivuli si kali: ina ukungu wa karibu milimita 9. Huo si ubovu wa macho. Jua si nukta, ni duara, kwa hiyo kingo za kivuli hufifia. Dawa yake ni kipande cha bati cha sentimita 10 kwa 10 chenye tundu la milimita 5 katikati. Mpe fundi wa kuchomelea akibandike juu ya bomba kikiwa kimelala sambamba na sakafu, tundu likiwa limetokeza sentimita 4 upande wa mashariki wa bomba. Likitokeza kusini au kaskazini, kuna miezi bomba lenyewe litaziba mwanga. Kuanzia hapo hupimi tena ncha ya kivuli. Unapima doa la mwanga lililoko katikati ya kivuli cha bati. Shusha timazi kutoka kwenye tundu hadi sakafuni, piga alama, kisha pitisha hapo mstari mwingine wa kaskazini-kusini ulio sambamba na ule wa kwanza. Vipimo vyote vinaanzia kwenye alama hii, si kwenye shina la bomba. Na kimo ni kutoka sakafuni hadi kwenye tundu, kwa hiyo kipime upya.

Saa sita ya Jua si saa sita ya ukutani

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Dodoma iko karibu na nyuzi 35.75. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi 1, kwa hiyo Jua linafika katikati ya anga la Dodoma dakika 37 baada ya saa kusema saa 6 kamili. Hiyo ni wastani. Kwa vile Dunia haiendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima na mhimili wake umeinama, wakati huo nao husogea:

Machi 5: saa 6:49
Juni 21: saa 6:39
Oktoba 9: saa 6:24
Desemba 21: saa 6:35

Mwishoni kabisa mwa safari zake, Februari hufika saa 6:51 na mwanzoni mwa Novemba hurudi saa 6:21. Anayepima Machi 5 saa 6 kamili atakuta kivuli cha zaidi ya sentimita 21 kikielekea magharibi, naye ataapa kwamba mwongozo umemdanganya. Kumbe siku hiyo, dakika 49 baadaye, kivuli kinakwisha kabisa.

Kama huna uhakika na dakika, usihangaike: kaa na penseli dakika kumi kabla, weka alama kila dakika tano, na uchukue ile ambapo doa linavuka mstari wa kaskazini-kusini.

Nini cha kuandika, na nini cha kutarajia

Kila Jumamosi andika tarehe, saa, urefu wa kivuli kwa sentimita, na upande: kusini au kaskazini. Upande usisahaulike hata siku moja, maana bila upande namba hazina kazi. Kwa tundu lililo mita 1 juu ya sakafu, Dodoma mjini itakupa hivi:

Juni 21: sentimita 57, kusini. Jua liko kaskazini yetu, juu ya Tropiki ya Kansa.
Machi 21 na Septemba 23: sentimita 11, kusini.
Machi 5 na Oktoba 9: sifuri. Jua liko utosini.
Desemba 21: sentimita 31, kaskazini. Jua limetupita, liko juu ya Tropiki ya Kaprikoni.

Ya pili inawachanganya wengi. Wamefundishwa kwamba Machi 21 Jua liko utosini, wakatoka nje wakakuta kivuli. Siku hiyo Jua liko utosini kwa mtu wa ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta, na nyuzi hizo ndizo sentimita 11 unazoziona. Singida na Kondoa wako karibu na ikweta zaidi, kwa hiyo kivuli chao kinakwisha Machi 8 hivi na Oktoba 5 hivi.

Mwendo wa kivuli nao uutazame. Machi na Oktoba kinasogea milimita 7 kwa siku, na ukikosa siku mbili unaona pengo. Karibu na Juni 21 wiki nzima inaweza kupita kikiwa kimesogea milimita 4 tu, kama gari linalokanyaga breki kabla ya kugeuza. Hili lina faida: Desemba 21 Dodoma mara nyingi ina mawingu, lakini kipimo cha siku yoyote kati ya Desemba 14 na 28 kinakaribia sana. Oktoba 9 haina huruma hiyo. Bahati nzuri anga la Oktoba huwa jeupe.

Kuutoa mwinamo wa Dunia kwenye sakafu yako

Chukua kivuli cha Juni, 57, na cha Desemba, 31. Kwa kikokotoo cha kisayansi tafuta pembe ambayo tanjiti yake ni 0.57, halafu ile ya 0.31. Asiye na kikokotoo achore pembetatu kwenye karatasi ya grafu: sentimita 10 kwenda juu, sentimita 5.7 pembeni, kisha apime pembe ya juu kwa protrakta. Utapata nyuzi 29.7 na nyuzi 17.2 hivi.

Vivuli viko pande mbili tofauti za nguzo, kwa hiyo pembe zinajumlishwa: karibu nyuzi 47. Hiyo ndiyo safari yote ya Jua kati ya kaskazini na kusini. Nusu yake ni nyuzi 23.4, na ndio mwinamo wa mhimili wa Dunia, uliopimwa kwa bomba na nati uani kwako. Sasa toa ndogo kwenye kubwa na ugawe kwa mbili. Zinabaki nyuzi 6 na kidogo: latitudo ya Dodoma. Ukipata 22 au 25 badala ya 23.4, kagua kwanza kimo cha tundu, kisha usawa wa sakafu. Nguzo iliyolala nyuzi 1 kuelekea kaskazini huharibu latitudo zaidi kuliko mwinamo, kwa sababu inakosea upande mmoja Juni na Desemba, na makosa hayo hufutana kwenye jumla.

Chungwa, balbu na ukuta mmoja

Nguzo inaonyesha kwamba Jua linahama. Chungwa linaonyesha kwa nini linaonekana kuhama ilhali Dunia ndiyo inayozunguka. Chagua chungwa la duara, kipenyo cha sentimita 8. Lipitishe kijiti cha mishikaki katikati, kutoka kwenye kikonyo hadi kitako. Chora ikweta kwa kalamu. Dodoma iko milimita 4 chini ya mstari huo; choma pini hapo, ikitokeza sentimita 1 na ikielekea katikati ya chungwa. Kuinamisha kijiti hakuhitaji protrakta: kwa kila sentimita 10 za kwenda juu, kiende sentimita 4.3 pembeni. Kisimike kwenye donge la udongo wa mfinyanzi juu ya kisahani.

Balbu iwe uchi, bila kivuli cha taa, katikati ya meza, kimo kimoja na katikati ya chungwa. Zima taa nyingine. Chagua ukuta mmoja wa chumba uite ukuta wa kaskazini, na ncha ya juu ya kijiti ielekee ukuta huo daima. Sasa lizungushe chungwa kuizunguka balbu, umbali wa sentimita 50.

Kosa linalofanyika karibu kila darasa ni hili: mkono unapozunguka meza, kisahani nacho kinageuka, na kijiti kinabaki kimeinamia balbu wakati wote. Hapo majira hayatokei, maana kaskazini inakuwa kiangazi cha milele. Kijiti lazima kibaki kimeelekea ukuta uleule kama mtu anayezunguka kinyozi huku macho yake yakiwa mlangoni. Angani ukuta huo ni upande wa nyota ya Polaris, ambayo kwetu haionekani kwa sababu iko chini ya upeo wa macho.

Simamisha chungwa pale ncha ya juu inapoelekea balbu. Hiyo ni Juni. Lizungushe kijitini taratibu hadi pini ifike mbele ya balbu, uone kivuli chake kikiangukia upande wa kusini. Lipeleke upande wa pili wa meza bila kugeuza kisahani: Desemba, na kivuli cha pini kimerukia kaskazini. Kati ya hizo mbili kuna sehemu mbili ambapo pini haina kivuli kabisa.

Usiamini umbali wa mezani, lakini. Kwa chungwa la sentimita 8, Jua lingekuwa mpira wa kipenyo cha karibu mita 9 uliowekwa mita 940 kutoka hapo. Ukilifikiria hilo, wazo kwamba ncha ya kaskazini hupata joto kwa sababu mwinamo umeisogeza karibu na Jua linakufa lenyewe.

Joto lenyewe

Piga tochi wima juu ya karatasi ya grafu kutoka sentimita 20, zungushia penseli ukingo wa mwanga, hesabu miraba. Inamisha tochi hadi iwe nyuzi 30 kutoka kwenye karatasi, umbali uleule. Miraba itakaribia maradufu. Mwanga ni uleule, ila umetandazwa. Ndivyo Jua la Juni linavyotandaza mwanga wake Dodoma, ingawa kwa kiasi kidogo: saa sita ya Juni 21 kila mita ya mraba hupokea asilimia 87 ya mwanga wa Jua la utosini, na Desemba 21 asilimia 95.

Urefu wa mchana unaongeza kidogo. Mchana wa Juni hapa ni saa 11 na dakika 46 hivi, wa Desemba saa 12 na dakika 29. Ukichanganya pembe na urefu, siku ya Juni hupokea pungufu ya asilimia 14 hivi kuliko ya Desemba, kabla ya kuhesabu mawingu. London tofauti hiyo ni kubwa mno: siku ya Desemba hupokea kama sehemu moja ya sita ya siku ya Juni. Ndiyo maana mizabibu ya Ulaya hulala majira ya baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka, wakati ile ya Hombolo na Makutupora huvunwa mara mbili, na wa kuiamsha ni mkulima kwa mkasi wa kupogolea.

Na umbali? Kwa haki, una sehemu yake. Kati ya Desemba na Juni unapunguza mwanga kwa asilimia 6 hivi, na kwa nchi ya tropiki hilo si dogo: ni karibu nusu ya kazi ya mwinamo. Mwalimu anayesema umbali hauna athari yoyote amevuka mpaka. Kinachotakiwa ni kusema kwamba hauzalishi majira; unayakoleza kidogo kusini ya ikweta na kuyapoza kidogo kaskazini.

Tundu la msumari kwenye paa la bati linaweza kukuonyesha hata hilo. Doa la duara linaloangukia sakafuni kwenye chumba chenye giza ni picha ya Jua. Usilitazame Jua lenyewe kupitia tundu. Tazama doa tu. Likianguka kwenye karatasi iliyowekwa mita 5 kutoka kwenye tundu, ikiwa imelikabili Jua sawasawa, picha hiyo ina milimita 47.3 Januari na milimita 45.8 Julai, pamoja na upana wa tundu. Tofauti ni milimita moja na nusu. Inapimika kwa mkono mtulivu.

Kwa nini mvua haifuati kivuli

Ukilinganisha daftari lako na hali ya hewa utaona mambo mawili ya ajabu. Jua linapita utosini mara mbili, lakini joto kali huja mara moja, Oktoba na Novemba. Na kifuku ni kimoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili.

La joto ni jepesi. Oktoba Jua la utosini linaikuta ardhi kavu, mibuyu bila majani, anga bila wingu. Nishati yote inaishia kupasha udongo na hewa. Machi linaikuta ardhi yenye maji na mtama uliosimama, na sehemu kubwa ya nishati inatumika kukausha unyevu.

La mvua lina mikono mingi. Ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata Jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Karibu na ikweta hupita mara mbili kwa nafasi ndefu, ndipo vuli na masika. Kwetu Jua hukaa kusini siku 147 tu, kuanzia Oktoba 9 hadi Machi 5, na mapito hayo mawili yanaungana kuwa msimu mmoja, wenye kile kipindi cha ukavu cha Februari kinachowatisha wakulima wa mahindi. Lakini Dar es Salaam iko karibu latitudo ileile na ina vuli na masika, kwa sababu bahari na pepo zake zina sauti kubwa kuliko pembe ya Jua. Kwa hiyo kivuli kikifika sifuri Oktoba 9 usikimbilie kupanda. Kwa kupanda, sikiliza utabiri wa mvua za Msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na chimba uone unyevu umeshuka kiasi gani.